Nilivyompigia Mama Mkwe Kengele

Magoti yangu yamefika umri wa kustaafu kabla yangu, lakini Jumapili asubuhi bado natoa baiskeli nje, napangusa kiti kwa kiganja na kuondoka. Mke wangu haniulizi ninakokwenda. Wageni wanaolala kwetu ndio huuliza, naye huwajibu, "Haendi fasi," yaani haendi mahali popote, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa ambao nyumba nzima imeshauzoea. Mimi niliyekaa chuo kikuu miaka minne nikisoma juu ya hiari ya binadamu, sijapata jibu bora kuliko hilo lake.

Na jibu hilo nusura linikoseshe mke mwenyewe. Ilikuwa Kamina, katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, karani katika ofisi ya mizigo pale stesheni. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba za mabehewa kwa mwandiko mzuri. Posa yangu ilikuwa imepokelewa katika nyumba ya kapita mmoja wa njia ya reli, yaani mkubwa wa kikosi cha wanaume waliokuwa wakitengeneza reli na mataruma, na harusi ilikuwa imepangwa kabla ya mvua. Kijana mwenye akili, akifika hapo, hukaa nyumbani na kunyamaza. Mimi nilinunua baiskeli.

Kosa lilianzia kwenye picha. Mkuu wa ofisi yetu, Mbelgiji mnene mwenye kupenda kahawa, alikuwa ameweka mezani picha ya kaka yake na baiskeli ya mashindano: magoti wazi, matope mpaka kwenye meno, shada la maua shingoni. Siku moja nilimuuliza kaka yake alikuwa ametoka wapi. Akasema alitoka uwanja wa kanisa la kijiji chao. Na alikuwa anakwenda wapi? Uwanja huohuo. Alikuwa amezunguka siku nzima kwenye baridi na mvua, akarudi pale alipoanzia, watu wakampa maua. Nilirudi mezani kwangu nikiwaza kwamba watu hawa waliotutawala hawakuwa na akili nyingi kama tulivyodhani, na wazo hilo lilinifurahisha kwa miezi kadhaa. Lakini kila nilipopeleka karatasi za kutiwa sahihi niliyaona yale meno yenye matope, na yalikuwa yanacheka.

Sisi kule baiskeli tunaiita kinga, na kinga ya Kamina ya wakati ule ilikuwa mnyama wa mizigo. Ilibeba gunia la mkaa, gunia la mahindi kutoka upande wa Kaniama, vikapu vya samaki wakavu walioteremshwa kwenye treni ya Bukama, nguruwe aliyefungwa kwa kamba akilalamika njia nzima, au mke na mtoto na sufuria. Mara nyingi mwenye kinga hakuipanda kabisa; aliisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Kinga yenye kibebeo kitupu ilikuwa karibu na dhambi. Basi fikiria karani anatoka kambi ya reli Jumapili baada ya misa ya kwanza, kibebeo hakina kitu, suruali imebanwa vifundoni kwa vibanio viwili vya chuma, na amevaa tai. Ndiyo, nilivaa tai. Jambo hilo naliandika hapa mwenyewe ili wanangu wasije kulisikia kwa mtu mwingine.

Jumapili ile ya kwanza watu saba waliniuliza ninakwenda wapi kabla sijavuka mtaa wa soko. Kwetu swali hilo ni salamu, na salamu hujibiwa. Wa kwanza nilimwambia ukweli.

"Natembea tu, baba."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea, kisha narudi."

Mzee akanitazama, akaitazama kinga, akaniambia kwa upole, "Bon. Kama hautaki kuniambia, iko shauri yako."

Kwa hiyo wa pili nilimdanganya. Nikasema ninakwenda Base. Base ni ile kambi kubwa ya ndege na askari waliyoijenga Wabelgiji nje ya mji, na barabara yake ilikuwa imesawazishwa kwa mashine. Jibu lilionekana zuri, la mtu mwenye shughuli. Mama niliyemjibu alikuwa anakaanga karanga mlangoni kwake.

"Base? Ngoja kidogo. Bwana yangu iko kule, mu jikoni ya basoda. Umupelekee hizi. Umwambie mutoto amepona."

Basoda ni askari, na mumewe alikuwa mpishi wao. Ningefanya nini? Nilipokea mfuko wa karanga, nikaufunga kwenye kibebeo, na kwa sababu ya uongo wa maneno mawili nikalazimika kwenda mpaka Base, mbali kuliko nilivyowahi kufika kwa nguvu za miguu yangu. Nilifika nikitokwa na jasho hadi kwenye tai. Nilimpata mpishi, nikampa karanga, nikamwambia mtoto amepona. Akakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akala karanga mbili, kisha akaniuliza kama nilikuja kwa hilo tu. Nikasema ndiyo.

Kurudi ndiko kulikonimaliza. Palikuwa na mahali barabara ilipoteremka taratibu kwa muda mrefu, majani ya kiangazi yamesimama rangi ya ngozi ya simba pande zote mbili, hewa baridi kama ilivyo mwezi wa sita kwetu. Niliacha kukanyaga pedali. Mnyororo ukanyamaza, ikabaki sauti ndogo ya mpira juu ya udongo, na kinga ikaenda yenyewe. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza kitu. Nilipofika chini nilikuwa nacheka peke yangu, na nilipojikamata nikicheka nikatazama nyuma kuona kama kuna aliyeniona. Jumapili iliyofuata nilirudi palepale, safari hii bila karanga.

Watu huniambia wanapanda baiskeli kwa ajili ya afya, na mimi mwenyewe niliwaambia wengi hivyo, nikitumia neno la Kifaransa kwa sababu lilisikika kama lina cheti. Ni uongo. Afya yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa mwembamba kiasi kwamba ng'ombe wa Kaniama wangenionea huruma. Mtu huanza kwa majivuno, na huendelea kwa sababu ya mteremko mmoja. Hayo mengine huongezwa baadaye, akishaulizwa.

Baada ya mwezi nilipata mwenzangu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale sokoni, Mwislamu, mjukuu wa watu wa Maniema waliokuja zamani na biashara, mwenye tumbo la heshima na miaka minane zaidi yangu. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. Wazazi wangu walikuwa mbali kwenye reli ya Kabalo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mshenga wangu: ndiye aliyebeba maneno yangu kwenda kwa kapita na kunirudishia ya kapita, akiyapunguza makali njiani. Nilidhani anataka kuandamana nami ili anichunge. Nilipomuuliza alinijibu akitumia minyi, yaani mimi, kama tunavyosema kwetu.

"Mu duka, kila muntu anayeongea na minyi anataka nipunguze. Hata bibi yangu anaanza kusema 'habari' sauti ikiwa ya kupunguza. Ku kinga hakuna wa kunipunguza."

"Na bibi anasemaje?"

"Anasema niko na mwanamuke mu njia ya Base."

"Na weye unasemaje?"

"Namwambia aje aangalie. Anasema haiko mujinga wa kupanda kinga."

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, nami sikuiona. Mji mzima ulikuwa umeshafanya hesabu yake: mwanaume anayetoka kila Jumapili bila mzigo, akarudi bila mzigo, na hasemi ametoka wapi, ametoka kwa mwanamke. Hapakuwa na jibu lingine katika kitabu. Na mimi nilikuwa nimeposa.

Sasa lazima nieleze jambo la ukwe, kwa ajili ya wasiokua kwetu. Katika desturi ya watu wangu mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Ukimwona anakuja njiani, unatoka njiani. Unaingia majanini, unampa mgongo, unangoja mpaka apite. Hamli pamoja, humtaji jina, hamwangaliani. Haina chuki hata kidogo. Ni heshima iliyo kubwa mno kiasi kwamba haiwezi kusimama karibu. Desturi hiyo ilitungwa na watu wanaokwenda kwa miguu. Mtu wa miguu humwona mkwe wake kwa mbali na hupata muda wa kuchagua kichaka. Waliotunga hawakufikiria magurudumu.

Jumapili yenyewe tulikuwa tunarudi, mimi mbele, yaya nyuma kwa sababu ya tumbo. Nilikuwa kwenye mteremko wangu. Mbele yangu, katikati ya barabara, palikuwa na mama amenipa mgongo, jembe begani, kikapu kizito kichwani. Ulikuwa muhogo uliotoka kulowekwa kwenye mto, maji yakimtiririka shingoni. Muhogo uliolowekwa haujui Jumapili. Siku yake ya kutolewa ikifika, unatolewa. Lakini mimi sikuwaza muhogo wala siku. Niliwaza kwamba nikishika breki nitapoteza mwendo.

Nikapiga kengele. Nikaipiga tena, kwa madaha. Kisha nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka leo vidole vya miguu vinajikunja.

"Mama, njia!"

Akatoka njiani. Aliingia majanini na kikapu chake, maji yakamwagika mpaka kiunoni, nami nikapita kama mkuu wa wilaya. Kwa kuwa nilikuwa nimelelewa vizuri, nikageuza uso nimsalimu na kumshukuru. Alikuwa ananiangalia. Nilikuwa na meno yote nje.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Mtu mwenye busara angeendelea kwenda, afike Bukama, apande mashua, asionekane tena. Mimi nilikumbuka desturi. Nilitakiwa kujificha majanini, basi nikajificha: niligeuza usukani upande wa pili wa barabara, nikaingia na kinga yangu kwenye majani marefu kuliko mtu, nikaanguka, nikalala hapo uso chini nikimpa mgongo. Ilikuwa sahihi kabisa, ila nilikuwa nimechelewa hatua ishirini.

Nikasikia kinga ya yaya inafika na kusimama.

"Karani, unafanya nini mule?"

"Namukimbia mukwe."

"Mukwe gani?"

"Iko nyuma yako."

Akageuka kutazama nyuma. "Ah," akasema. "Sasa unajificha. Sasa."

Mama mkwe alikuwa amesimama upande wake wa barabara, amefunika uso kwa kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, hawezi kupita kwa sababu nilikuwa mbele yake, nami siwezi kutoka kwa sababu alikuwa nyuma yangu. Mwishowe yaya, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote kati yetu, aliteremka, akavua kofia, akasimama katikati kama askari wa njia panda.

"Mama, pita tu. Mukwe yako iko mu majani. Haoni kitu. Hakuna anachoona tangu asubuhi."

Akapita. Nilizihesabu hatua zake, na hakuna hata moja iliyoharakishwa.

Jumatano mchumba wangu alinikuta kwenye bomba la maji. Hakuja kuchota, ndoo yake ilikuwa tupu na ikabaki tupu. Alikuwa msichana wa maneno machache, aliyesomea kushona kwa masista.

"Baba anasema atarudisha vitu vyenu."

Kurudisha vitu vya posa maana yake hakuna harusi. Nilishika bomba.

"Juu ya kengele?"

"Kengele, mama anaweza kusamehe kwa mbuzi. Baba anauliza kule unaendaka kila yenga." Yenga ni wiki, na ndiyo Jumapili yenyewe. "Anasema uko na muntu kule."

"Sina muntu."

"Sasa ulikuwa unaenda wapi?"

Hata yeye. Nikaanza kutafuta jina la mahali.

"Ukidanganya," akasema, "usidanganye na jina ya fasi. Baba anajua bantu ku kila stesheni mpaka Bukama. Atauliza." Akachukua ndoo yake tupu akaondoka.

Jumamosi yaya alikuja kwangu na uongo tayari, umekunjwa vizuri kama kitambaa cha dukani. Angesema alinituma Base kila Jumapili kupima nguo za wapishi. Mpishi wa karanga angekubali kuwa shahidi. Alikuwa mtu mwema. Uongo huo haukumdhuru mtu, ulikuwa na mzigo ndani yake, na mzigo ndio walioutaka. Nikamwambia sawa. Usiku ule sikuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Tulikwenda Jumapili kwa miguu. Nyumba ya kapita ilikuwa ya matofali, ya mwisho katika mstari wa kambi ya reli, na ua wake ulikuwa umefagiliwa mpaka ufagio ukaacha mistari. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, aliyetembea juu ya mataruma miaka ishirini hata hatua zake nyumbani zilikuwa za urefu mmoja. Alitupa viti. Ukaletwa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, akamiminiwa yeye na yaya. Mimi sikumiminiwa. Mlangoni kulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia palikuwa na mtu anayepumua.

"Karani," kapita akaanza. "Mu njia ya reli, treni ya mizigo na treni ya bantu zikikutana, nani anangoja?"

"Ya mizigo, baba."

"Sasa weye na mama. Nani alikuwa na mizigo?"

Nikaona mtego, lakini hapakuwa na pa kukwepea. "Mama ndiye alikuwa na mizigo."

"Kwa hiyo weye ulikuwa treni ya bantu. Treni kubwa. Inapiga honi, bengine banangoja."

"Hapana, baba."

"Treni kubwa iko na fasi inaenda. Imeandikwa ku ubao. Yako iliandikwa nini? Ulikuwa unaenda wapi?"

Yaya akakohoa. "Baba, ni minyi nilikuwa nimemutuma…"

"Weye nitakuuliza nyuma. Kunywa."

Yaya akanywa. Kapita alikuwa ananiangalia, na nilikuwa na uongo mzuri kabisa mdomoni. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonizuia. Kilichonizuia ni kwamba niliwaza maisha yangu yote ya baadaye: kila Jumapili nikiwa na nguo za wapishi kwenye kibebeo, nikienda Base kwa kazi, nikirudi kwa kazi, mteremko ukiwa sehemu ya kazi. Niliona ningebaki na mke na nisibaki na kitu kile kingine, ambacho sikuwa na jina lake. Na kwa ujinga wa umri ule nilivitaka vyote viwili.

"Nilikuwa siendi fasi, baba."

Pazia likaacha kupumua.

"Kila yenga?"

"Kila yenga. Nafika karibu na Base, nageuka."

"Pale unageukia, kuko nini?"

"Hakuna kitu."

"Kuko nyumba?"

"Hapana."

"Kuko mwanamuke?"

"Hapana, baba. Kuko majani."

"Majani iko na hapa." Akaonyesha ua, ambao haukuwa na hata jani moja. "Sasa unarudiaka nini?"

Nimekaa mbele ya maprofesa watatu wenye majoho, na hakuna aliyeniuliza swali gumu kama hilo. Nilijaribu. Nilitaja afya, hewa safi, damu. Nilimtaja kaka wa mkuu wa ofisi na maua yake, na hapo hata yaya alitazama chini. Kapita alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeeleza kwa nini reli imepinda. Nilipomaliza akamgeukia yaya kuongea habari ya vitu vya posa, siku ya kuja kuvichukua.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikunisemesha mimi, kwa kuwa mama mkwe hasemi na mkwe wake. Ilisemesha ukuta.

"Baba ya batoto. Ule muntu anasema kweli."

Kapita hakugeuka. "Umejuaje?"

"Nilimuona uso."

Kuuona uso wangu ndilo lilikuwa kosa lenyewe, ndilo tuliloketi kulihukumu, na yeye alilitoa mbele yetu kama mtu anayetoa jembe.

"Mwanaume anayetoka kwa mwanamuke," sauti ikaendelea, "namujua. Anakamata uso, anautengeneza mbele ya kufika ku mji. Ule hakukamata kitu. Mudomo ilikuwa wazi, anacheka yeye peke. Inzi ingeingia. Ule alikuwa hatoki kwa muntu. Ilikuwa uso ya mupumbavu kabisa."

Katika maisha yangu nimesifiwa mara chache, na sijawahi kusifiwa kwa faida kubwa hivyo.

Kapita alikaa akizungusha kikombe chake. "Pale alikukuta," akauliza taratibu, naye akiuuliza ukuta, "ilikuwa pa mutelemko?"

"Pa mutelemko."

Akanigeukia. "Ulikuwa unakanyaga?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nimeacha kukanyaga. Inaenda yenyewe."

"Hm."

Vikosi vya njia vilikuwa na kigari cha reli, kile cha chuma cha kubebea nyundo na misumari, ambacho wanaume hukisukuma kwa mkono kwenda kazini. Nilijua, kwa sababu sisi makarani tuliandika barua za kuwakataza, kwamba jioni, kazi ikiisha, penye mteremko wa kuingia stesheni, wanaume wale husukuma kwa nguvu, hurukia juu, na kuinua miguu. Kila mwezi barua, na kila mwezi waliinua miguu. Kapita hakusema habari ya kigari. Alisema tu, "Hm," mara ya pili, na ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Kisha akatoa hukumu. Mbuzi mmoja jike, kwa ajili ya aibu ya mama. Kuku mweupe, kwa ajili ya maji yaliyomwagika. Na mimi, nikiona mtu yeyote mwenye kikapu kichwani, awe mkwe au asiwe, niteremke nisukume mpaka nimpite. "Yeyote," akasema. Nikakubali. Wanawake wenye vikapu Kamina ni wengi; kwa mwaka mzima nilisukuma kinga zaidi kuliko nilivyoipanda.

"Na weye," akamwambia yaya, "weye ulikuwa unaenda wapi?"

"Minyi? Minyi namufuata yeye."

"Mungu asaidie," alisema kapita, akaashiria nimiminiwe munkoyo.

Tulioana kabla ya mvua. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mke wangu alirudi kutoka kwa wazazi wake na ujumbe ambao aliutoa akiwa amenigeuzia kisogo, akisonga bukari, ugali wetu, ili nisimwone anacheka. Baba yake alitaka kuiangalia kinga. Kuiangalia tu, kama chuma chake ni kizuri.

Niliipeleka Jumapili, baada ya misa. Aliuchunguza mnyororo, akagonga usukani kwa kidole kama anavyogonga reli kusikia ufa. Kisha akaniuliza kama mifupa ya mtu wa umri wake ingekubali. Nilimshikia kiti kwa nyuma. Alianguka mara tatu ndani ya ua uliofagiliwa, na kila mara aliinuka na kufuta vumbi. Mara ya nne nikakimbia naye mpaka nje ya kambi, nikaachia, naye akaenda. Sikuwa nimemfundisha kusimama. Sikuwa nimemfundisha kugeuka pia. Nilimwona akiipata njia ya Base, mgongo umenyooka kabisa, na baada ya muda nikaona miguu yake imeinuka pande mbili.

Nilingoja mlangoni kwake, nimeupa mgongo ule mlango wenye pazia. Jua lilipanda. Mke wangu na mama yake walikuwa ndani wakichambua sombe, majani ya muhogo, wakizungumza juu ya bei ya chumvi, lakini kila baada ya sentensi mbili walinyamaza wasikilize barabarani.

Alirudi adhuhuri, kwa miguu, akiisukuma, goti la suruali limepasuka na kiwiko kinatoka damu. Akaniachia kinga bila kunitazama. Akachukua kata ya maji, akanywa yote, akapangusa mdomo.

"Nilienda kuangalia daraja la njia ya Base," akatangaza kuelekea ndani ya nyumba, kwa sauti ya kazini. "Kama mvua haikuliharibu."

Tangu mwezi wa nne haikuwa imeanguka hata tone.

Pazia likatikisika kidogo. "Mvua gani?" akauliza mama mkwe.